Karai Lililo Juu ya Nyumba Yangu

 Leo sina mahubiri marefu. Wengi wenu mmepita hapa nyumbani mkaona karai limefungwa juu ya mti, mkanitumia picha na kuuliza, "Pasta, hiyo ni nini?" Kuna ndugu mmoja, simtaji, aliyenivuta kando baada ya kesha akaniuliza kwa sauti ya chini kama linanasa mapepo. Basi nieleze mara moja, nisije nikasimamishwa mlangoni kila Jumapili. Lakini siwezi kueleza karai bila kumtaja mama mmoja wa kanisa letu, na siwezi kumtaja mama huyo bila kukiri kosa langu. Yeye na binti yake wameniruhusu niandike, mradi nisiweke jina.

Mama huyu ni mjane, anakaa ng'ambo ya mto. Binti yake yuko Saudia, kazi za nyumbani. Wengi wenu mna mtoto, dada au shangazi huko, kwa hivyo sina haja ya kueleza sana. Simu yake ya mapumziko ilikuwa Ijumaa jioni. Saa ya Riyadh na saa ya Zombe ni moja, hapo hatukuwa na shida. Shida ni kwamba mama ana kabambe, simu isiyo na picha. Kwa hivyo kila Ijumaa, saa kumi na moja, alikuwa anafika kwangu na leso safi begani, anaketi mbele ya laptopu, anangoja uso wa mtoto wake.

Uso haukuja. Kilichokuja ni vipande vya rangi, halafu picha inaganda mdomo ukiwa wazi, halafu sauti inakatika. Tunasikia "Mwaitu..." kisha kimya. Tunapiga tena. Mwishowe binti anasema, "Pasta, mtandao ni mbaya, wacha tuongee sauti tu." Mama anauliza, "Uko sawa?" Binti anajibu, "Niko sawa." Dakika tano, wamemaliza.

Nikimsindikiza langoni, mama ananiuliza, "Pasta, wewe ulimwona?" Nami namjibu, "Mama, usiwe na wasiwasi. Ni mtandao tu. Tuzidi kuomba."

Hiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza. Ya pili nikajibu vilevile. Ya tatu mama alisimama pale langoni, akafunga leso yake vizuri, akaniambia, "Sauti hata mimi najua kudanganya nayo. Baba yake alipokuwa Mombasa, nilimwambia kwa simu ndengu zimekubali, na mwaka huo hatukuvuna hata debe moja. Mimi nataka uso."

Usiku huo nilikuwa na kesha. Niliposhika maikrofoni nikajua kwamba nimesutwa. Nilikuwa nimemwambia mjane aombe juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeinua kidole kulishughulikia. Maombi yalikuwa yamegeuka kichaka, nami nimejificha ndani yake na uvivu wangu. Nikamkumbuka Zakayo. Mtu mfupi, umati mbele yake, haoni kitu. Luka hatuambii kwamba alipiga magoti akaomba aongezwe urefu. Alikimbia mbele akapanda mkuyu. Na mikuyu, wapendwa, tunayo tele hapo mtoni.

Asubuhi nilimwita kijana wetu wa vyombo, yule anayetengeneza simu sokoni. Aliingia, akaangalia modemu ilipokaa, akacheka. "Pasta, umeifungia jela." Modemu ilikuwa mezani, chini ya mabati, karibu na dirisha lenye vyuma. Mabati hayapitishi mawimbi ya simu, yanayarudisha nje kama kioo kinavyorudisha mwanga. Kile kidogo kilichokuwa kinaingia kilipenyea dirishani na mlangoni. Tena nyumba yangu iko bondeni, na kati yangu na busta ya sokoni pamekaa kilima. Miaka yote nimelalamikia kampuni ya simu, nimebadilisha laini, nimenunua bando kubwa zaidi, kana kwamba mtu asiyesikia vizuri atasaidiwa kwa kuongezewa maneno.

Kijana akanifundisha kitu cha kwanza: tusiamini vile vijiti vya mtandao. Ukifungua ukurasa wa modemu kwenye laptopu, kuna namba ya nguvu ya mawimbi. Inaandikwa kwa desibeli, na ina alama ya kutoa mbele. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Ikipanda kwa 10, mawimbi yameongezeka nguvu mara kumi. Mezani tulisoma kutoa 113. Huko ni karibu na kaburi.

Tulianza na kopo la maziwa ya unga, maana yeye alikuwa ameona watu wakilitumia. Tukatoboa, tukaingiza modemu, tukalielekeza huku na huku jua likituwakia. Hakuna kitu. Namba ilizidi kuwa mbaya. Baadaye ndipo tulipoelewa. Kila wimbi lina urefu wake, na kopo la mviringo halipitishi wimbi lililo refu kupita kiasi kwa kipenyo chake. Kopo letu lilikuwa la sentimita 9, kwa hivyo wimbi linalozidi kama sentimita 15 haliingii. Modemu yetu ilikuwa inatumia masafa ya megahezi 1800, na wimbi lake lina karibu sentimita 17. Tulikuwa tunalazimisha ng'ombe apite mlango wa kuku. Makopo hayo yanafaa zaidi kwa Wi-Fi ya kawaida, ambayo wimbi lake ni kama sentimita 12 na nusu.

Hapo nikaingia jikoni nikachukua karai la Mama Mchungaji. Naomba niseme wazi kwamba sikuomba ruhusa. Ni karai la mandazi, lenye kipenyo cha sentimita 48 na kina cha sentimita 12. Kazi yake ni kukusanya. Mawimbi yanayolipiga yanarudishwa na kukutana mahali pamoja mbele yake, na hapo ndipo modemu inapopaswa kukaa. Ukitaka kupapata, zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha ugawe kwa kina mara 16. Kwangu ilitoka sentimita 12 kutoka kitakoni. Karai si dishi kamili, umbo lake si sawasawa, kwa hivyo hiyo namba ni ya kuanzia tu, halafu unasogeza kidogo mbele na nyuma ukisoma. Modemu tuliifunga kwa kipande cha mbao wala si waya, maana chuma kingine pale kati kinaharibu mambo. Juu yake tukaweka chupa ya maji iliyokatwa, isilowe. (Mifuko ya plastiki tulikatazwa 2017, msiniulize kwa nini sikutumia mfuko.) Chupa hiyo itobolewe upande wa chini ipate hewa, na modemu iwe kivulini. Yetu ilichemka saa saba mchana mpaka ikajizima, na jua la Zombe mnalijua.

Waya wa USB usizidi mita 5, la sivyo laptopu haioni modemu. Kwa hivyo mti wa mukau tuliusimika karibu kabisa na ukuta, na laptopu ikahamia chumba cha stoo kilicho karibu na paa.

Kisha kazi yenyewe. Mimi juu ya ngazi, mtoto wangu wa darasa la saba ndani. Nageuza karai kidogo, nangoja kama sekunde kumi maana namba haibadiliki papo hapo, nampigia kelele, "Soma!" Anajibu, "Mia na tano!" Nageuza tena. "Soma!" "Mia na saba!" Nikamwonea huruma yule mtumishi wa Eliya aliyetumwa mara saba kwenda kuangalia upande wa bahari. Mimi nilimtuma wangu zaidi ya mara arobaini. Nilikuwa nimeshikilia upande wa sokoni, kwa sababu busta hiyo naijua, naiona nikipanda kilimani. Mtoto ndiye aliyesema, "Baba, jaribu huko kwingine." Nikageuza kwa hasira tu, upande wa milima, mahali ambapo sikuwa nimewahi kufikiria. Kimya. Halafu nikasikia, "Tisini na moja!"

Nitawaambia ukweli wote, nisije nikalipa karai sifa isiyo yake. Kutoa modemu nje na kuipandisha juu ya mti kulitufikisha 101 kabla hatujafunga karai lolote. Karai liliongeza 10. Kwa hivyo usiye na karai, anza kwa kutoka chini ya mabati.

Kwa yule ndugu wa mapepo: mwaka 1970 kituo cha Longonot kule Bonde la Ufa kilifunguliwa kikiwa na dishi kubwa sana la kuongea na setilaiti, na lilifanya kile kile karai langu linachofanya. Mwaka 2007, kule Venezuela, mtu anayeitwa Ermanno Pietrosemoli alitumia dishi kurusha Wi-Fi ya kawaida umbali wa kilomita 382. Hakukuwa na mganga. Kulikuwa na mlima huku, mlima kule, na mtu mwenye subira ya kugeuza.

Mambo mawili kabla sijasahau. Moja, mvua za Novemba zikianza na radi, chomoa waya, uteremshe. Mti mrefu wenye chuma juu yake si rafiki wa nyumba. Pili, msidanganywe mkanunue vile vifaa vya umeme vya kuongeza nguvu ya mawimbi. Hivyo vinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kibovu kimoja kinaweza kuharibia kijiji kizima mtandao. Karai halirushi kitu chake lenyewe, linakusanya na kuelekeza tu.

Sasa Ijumaa ya nne.

Mama alifika saa kumi na moja. Nikampeleka stoo, nikamwekea kiti kati ya magunia. Nilipiga. Binti alipokea, na kabla hajasema neno la mtandao, uso wake ulijaa kwenye kioo, mpaka kovu dogo la utotoni juu ya nyusi likaonekana. Mimi nilitaka kupiga kelele haleluya. Mama hakusema kitu. Alisogea karibu na laptopu, akaangalia kama anavyochambua ndengu kwenye ungo.

Kisha akasema, "Nionyeshe mikono."

Binti akacheka. "Mwaitu, mikono ya nini?"

"Nionyeshe."

Ukainuliwa mmoja. "Na huo mwingine," mama akasema. Binti akatazama pembeni. Nikaangalia namba, nikidhani tumepotea tena. Ilikuwa 91, haijasonga. Mtandao ulikuwa mzuri. Aliyekwama ni binti.

Alipouinua, ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Mafuta ya moto, wiki tatu na siku kadhaa zilizopita. Hakuwa ameenda hospitalini. Alikuwa anausafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi usiku. "Nilijua ukiona utauza ng'ombe ili nirudi," alisema. Zile Ijumaa tatu alikuwa ameshukuru Mungu kwa mtandao mbaya.

Nami Ijumaa hizo tatu nilikuwa nimesimama langoni nikimwambia mama yake asiwe na wasiwasi.

Mama hakulia. Alisema, "Kunja vidole." Vikakunjika. "Fungua kitambaa." Hapo mimi nilitoka nje nikampigia dada yetu ambaye ni muuguzi, anakaa karibu. Alikuja mbio na kandambili. Aliketi kwenye gunia, akamwambia binti asogeze simu kwenye mwanga, akamwuliza kama ana homa, kama wekundu unapanda, kama kuna usaha. Akamwambia asilale na kidonda hicho usiku mwingine bila daktari, amwambie mwajiri leo, si kesho. Walibaki hewani dakika arobaini na moja. Bando langu liliisha, nikanunua lingine, na sikunung'unika.

Alipelekwa hospitalini kesho yake. Kidonda kilikuwa kimeanza kuoza pembeni. Akapewa dawa, akasafishwa, akaambiwa arudi kila baada ya siku tatu.

Ng'ombe hakuuzwa. Mkataba wake unaisha Desemba. Mama Mchungaji amejinunulia karai jipya na amenionya kuhusu hilo mbele ya mashahidi. Jumamosi hii saa nne, wanaotaka kutengeneza la kwao waje kanisani na rula, kamba na karai ambalo mwenyewe ameridhia.

Yule mama bado anakuja kila Ijumaa. Hasalimii kwanza. Anaketi kwenye magunia, picha ikitokea anasema neno moja tu, "Mikono." Ijumaa iliyopita binti aliinua yote miwili kabla hajaulizwa.