Kazi ya Kufundisha Wadogo

Katika Port Victoria, ukingoni mwa Ziwa Victoria, hakuna mvuvi ampaye mtu asiyejifunza nyavu zake azishone. Lakini mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne akachagua kusomea ualimu wa chekechea, jirani mmoja alimwonea huruma, kana kwamba ameshindwa. Alisema kukaa na watoto wa miaka minne hakuhitaji chuo.

Neno hilo lilinihuzunisha. Mtu huthamini nyavu kuliko mwanawe? Mtoto huingia darasani na Kinyala chake, haya zake na hofu zake. Mwalimu asiyefunzwa humkaririsha herufi kama kasuku, na akinyamaza humwita mjinga. Aliyefunzwa humsemesha kwanza kwa lugha ya nyumbani. Humpa kokoto azihesabu na makombe ayapange kwa ukubwa. Naye huweza kutambua kwamba anyamazaye pengine hasikii vizuri. Huo ni ufundi, na ufundi haushuki kama mvua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini pamoja mikononi mwa kaunti. Naona ujirani huo wafaa.

Basi, kijana msomaji, ukiitwa na kazi hii usiione duni, wala usiiingie mikono mitupu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nami naongeza: asiyejua kukunja huvunja.