Saini Yangu, Mtaji Wangu

Wadogo zangu mnaomaliza mwaka huu, mkiona picha yangu na maghorofa ya Singapore nyuma, msidhani mambo yalianzia hapo.

Nilianzia Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, chumba kimoja tukilala watatu. Kazi ilikuwa kuwapeleka wafanyabiashara wa Kariakoo viwandani, kuwatafsiria na kukagua mzigo. Maonyesho ya Canton, ya Aprili na Oktoba, ndiyo yalikuwa mavuno yangu. Miezi mingine nilikula wali mtupu.

Siku moja mteja alitaka nisaini ripoti kwamba nyaya zake za umeme ni shaba tupu. Nikaukwaruza mmoja kwa kisu: shaba juu juu, ndani alumini nyeupe. Waya wa namna hiyo hupata moto haraka, na nyumba ni za ndugu zetu. Nikakataa. Akaondoka bila kunilipa, na kodi ilikuwa keshokutwa.

Baada ya miezi minne nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua: “Wewe ndiye yule aliyekataa kusaini? Njoo Hanoi, kuna kazi.” Ushauri wangu ukaanzia pale. Ikafuata Bangkok, sasa Singapore.

Bei yake ipo. Dar ikiwa saa nne usiku, Guangzhou ni saa tisa. Baba alipofariki nilikuwa usingizini, simu nimeizima. Alizikwa kesho yake, sikuwahi. Hilo huwezi kuliandika kwenye wasifu.

Nendeni, jamani. Ila saini msiiuze, na mzee mpigieni leo.