Kilima cha Kwale Kilichomo Midomoni mwa Watengeneza Simu

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unakwenda Kwale, atakuuliza hoteli gani. Kwa wengi wetu wilaya hiyo ya zamani, ambayo tangu 2013 ni kaunti, ni mchanga mweupe wa Diani, ngamia wa kubebea watalii, na dafu la baridi chini ya mnazi. Si vibaya. Lakini leo, msomaji, nifuate kupita hoteli zote hizo, mwendo wa kiasi cha kilomita 70 kutoka Mombasa, hadi kwenye kilima kimoja chenye msitu ambacho jina lake limeshafika Washington na Australia, ilhali watoto wetu wengi wa shule za mjini hawajapata kulisikia.

Anza asubuhi. Ukitoka kisiwani Mombasa una njia mbili. Unaweza kuvuka kwa feri ya Likoni, ambako mtembea kwa miguu halipi chochote ila jasho la kusukumana, au ukashika barabara ya Dongo Kundu ipitayo daraja la Mteza, ukatokea ng'ambo bila kuigusa feri. Mimi ningekushauri feri, hasa ukiwa na watoto. Daraja ni la kasi, lakini feri ndiyo pwani yenyewe: wauza korosho, akina mama na ndoo za samaki, na vijana waliokodolea macho simu zao hata maji hawayaoni.

Naam, simu hizo ndizo zimenifanya nikuandikie.

Ukifika Ukunda, kabla hujakata kushoto kuelekea baharini, tembea kidogo kando ya barabara kuu. Hesabu vibanda vya simu. Utachoka. Kibanda kimoja kinauza simu mpya, cha pili kinatengeneza mbovu, cha tatu kinauza vioo, betri na chaja. Majina utakayoyaona zaidi kwenye mabango ni Tecno, Infinix na itel. Yanaonekana kama mahasimu watatu, lakini wote ni watoto wa baba mmoja, kampuni ya Transsion ya Shenzhen, Uchina. Sasa mwulize mwenye duka umri wa makamo: "Kaka, zile Huawei zilikwenda wapi?" Maana miaka michache tu iliyopita Huawei ilikuwa simu ya kujivunia hapa Kenya.

Zilikwenda na siasa. Mwezi Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni ambazo Mmarekani haruhusiwi kuziuzia bidhaa za teknolojia bila kibali. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa taifa. Google ni kampuni ya Marekani, basi simu mpya za Huawei zilizofuata, kuanzia Mate 30 ya Septemba 2019, zilitoka bila duka la programu la Google, bila ramani zake na bila YouTube yake. Waliokuwa na simu za zamani waliendelea kuzitumia kama kawaida, ila habari zikiruka sokoni haziulizi tofauti. Nani atatoa akiba yake ya miezi kununua simu ambayo jirani anamwambia haina Google?

Pigo la pili lilikuwa kali zaidi, na hapa naomba mwanafunzi asogee karibu. Ndani ya simu mna chipu, kipande chembamba cha silikoni kinachofanya kazi ya ubongo. Huawei ilikuwa na kampuni yake tanzu, HiSilicon, iliyochora chipu hizo. Kuchora si kutengeneza. Kiwanda kilikuwa cha TSMC, kisiwani Taiwan. Kiwanda hicho nacho hutegemea mashine za kampuni ya ASML ya Uholanzi, pamoja na mitambo na programu za Marekani. Ni kama fundi wa Lamu anayechonga mlango: mbao zimetoka kwingine, misumari kwingine, tezo kwingine. Marekani ilishika tezo. Mei 2020 ilitoa kanuni kwamba kiwanda chochote duniani kinachotumia vifaa vyake kisiitengenezee Huawei chipu bila kibali. Kufikia katikati ya Septemba mwaka huo TSMC ikawa imesimamisha shehena. Kampuni ambayo robo ya pili ya 2020 ilikuwa imetangulia dunia nzima kwa idadi ya simu zilizopelekwa sokoni, Novemba ililazimika kuuza tawi lake la simu za bei nafuu, Honor.

Basi kwa nini vibanda vya Ukunda havikufungwa? Kwa sababu simu za bei nafuu anazonunua Mkenya wa kawaida hutumia zaidi chipu za MediaTek ya Taiwan na Unisoc ya Shanghai, na wenye simu hizo hawakuwekewa marufuku kama ile ya Huawei. Mahali pa Huawei kwenye kabati la kioo pakachukuliwa na wengine, na biashara ikaendelea. Xiaomi nayo ilionja shubiri kidogo: Januari 2021 iliingizwa kwenye orodha nyingine ya Marekani iliyohusu wawekezaji, ikaenda mahakamani, na Mei mwaka huohuo ikatolewa. Huawei yenyewe haikufa. Agosti 2023 ilizindua Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa na SMIC ya Uchina kwa mashine za kizazi cha nyuma, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Wala haikuondoka Kenya. Simu ndiyo ilipungua madukani, lakini mitambo yake imo katika mtandao wa Safaricom, na mwaka 2015 M-Pesa ilihamishiwa kwenye mfumo uliotengenezwa na Huawei.

Haya, tupande gari.

Kusini mwa Diani utapita Kinondo, penye kaya iliyoingizwa mwaka 2008 pamoja na nyinginezo za Mijikenda kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ukibahatika utaona mbega weusi kwa weupe juu ya miti, wakikutazama kama mgeni asiyebisha hodi. Halafu Gazi, ambako wanakijiji wamekuwa wakilinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu 2013 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Watoto watapenda kutembea kwenye njia ya mbao iliyojengwa juu ya matope. Mbele yake ni Msambweni, mji wa wavuvi na hospitali kongwe, ambako samaki wa kupaka hupatikana bila bei ya hoteli.

Ukiacha barabara kuu ukaingia bara kutoka upande huu wa Msambweni, utafika kwenye mashamba ya mchanga mwekundu. Hapa ndipo Base Titanium ilipochimba. Shehena ya kwanza iliondoka bandari ya Likoni Februari 2014. Malori yalipeleka mchanga mzito wa ilmenaiti, rutile na zirkoni pwani, na meli zikaupeleka ng'ambo. Usidhani mchanga huo ulikwenda kwenye simu. Sehemu kubwa ya titaniamu ya dunia huishia kwenye rangi nyeupe, ile uliyopaka ukutani mwako. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024 mchanga wenye faida ulipokwisha. Kazi ambazo kijana wa Kwale alizizoea kwa miaka kumi na zaidi ziliondoka na mitambo. Familia zilizohamishwa kupisha mgodi bado zinaikumbuka minazi na mikorosho yao, na malalamiko juu ya mgao wa mrabaha yalidumu miaka mingi, ingawa Sheria ya Madini ya 2016 inasema wazi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii.

Miezi michache kabla ya mgodi kufungwa, Oktoba 2024, kampuni mama ya Base ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Shabaha yake kubwa haikuwa mchanga wa Kwale uliokuwa ukiisha, bali mradi wa Toliara kule Madagascar, ambako mchanga una madini ya monazaiti. Na monazaiti ndiyo inatupeleka kwenye kilima chetu.

Rudi barabarani, pita Ramisi yenye miwa, endelea na njia ya Lunga Lunga. Utaona vilima viwili vikijitokeza kwenye nchi tambarare. Kikubwa ni Dzombo. Kingine ni Mrima. Kidigo husema "mrima" pale ambapo Kiswahili husema "mlima", kwa hiyo wazungu walioandika "Mrima Hill" kwenye ramani waliandika "mlima mlima", na sisi tukakubali.

Mrima ni mabaki ya volkano ya kale sana. Mwamba wake umeoza kwa mvua za karne nyingi, na katika udongo uliobaki mmejaa niobiamu na yale yaitwayo madini adimu. Jina hilo lina udanganyifu. Si adimu sana ardhini, ila ni kazi ngumu kuyatenganisha. Neodimiamu ndiyo hufanya sumaku ndogo yenye nguvu ndani ya spika ya simu yako na ile mota inayoitikisa mfukoni. Terbiamu na uropiamu husaidia rangi za vioo. Niobiamu huimarisha chuma, na kiasi kidogo huingia kwenye vichujio vya mawimbi ya simu.

Uchina ndiyo husafisha takriban sehemu tisa kwa kumi za madini adimu ya dunia. Marekani iliposhika tezo, Uchina ilishika mbao. Agosti 2023 ilianza kudai kibali kwa galiamu na jemaniamu. Desemba 2024 ikapiga marufuku kuziuza Marekani. Aprili 2025 ikaongeza aina saba za madini adimu kwenye orodha ya vibali, na wiki chache baadaye baadhi ya viwanda vya magari ng'ambo vilisimama kwa kukosa sumaku. Oktoba mwaka huo ilitangaza masharti mapana zaidi, kisha baada ya marais Trump na Xi kukutana Busan tarehe 30 Oktoba, masharti hayo mapya yakaahirishwa kwa mwaka mmoja. Ndivyo wakubwa wanavyocheza bao. Anayehesabu kete ni wao, lakini shimo moja liko Dzombo.

Si mara ya kwanza. Mwaka 2010 Uchina ilipogombana na Japani juu ya visiwa, mauzo ya madini adimu yalibanwa, na bei zikapaa 2011. Wachimbaji wakatawanyika duniani kutafuta chanzo kingine. Kampuni ya Cortec Mining Kenya ilikuwa Mrima, na mwaka 2013 ilitangaza kwamba kilima kina utajiri wa dola bilioni 62.4. Usiikariri tarakimu hiyo kama pesa iliyo benki; ilikuwa hesabu ya mwenye kutaka kuchimba. Leseni aliyopewa Machi 2013 ilifutwa mwaka huohuo na waziri wa madini wa wakati huo, Najib Balala. Cortec na washirika wake wakaishtaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi wa uwekezaji la Benki ya Dunia wakidai zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 wakashindwa: baraza liliona kwamba leseni haikupatikana kwa kufuata sheria, hasa zile za mazingira. Mwaka 2021 jaribio la kuibatilisha hukumu hiyo nalo likagonga mwamba. Kwa maneno mengine, msitu ndio uliiokoa hazina ya taifa.

Msitu huo, msomaji, si pori tu. Kwa Wadigo wa hapa ni mahali pa mizimu na maombi, pa dawa na uyoga, na ni hifadhi kwa sheria. Mwaka 2025 wageni walianza tena kumiminika. Maafisa wa ubalozi wa Marekani walifika Juni, na kampuni za Australia, RareX na Iluka, zikatangaza nia yao. Wanunuzi wa mashamba wakatangulia mbele, kama kawaida. Kuna wazee wanaosema kilima kisiguswe, na kuna vijana wanaosema wamechoka kuwa maskini juu ya utajiri. Mara nyingine wote wawili wamo nyumba moja. Mimi siwezi kumlaumu kijana. Lakini kabla ya kutia sahihi ningetaka kujua jambo moja: udongo wa Mrima una thoriamu, na mnunurisho wake wa asili uko juu ya kawaida. Madini adimu yakishatolewa, hiyo thoriamu itawekwa wapi, na maji ya visima yatalindwa na nani? Serikali imesema haitaki tena madini yatoke ghafi. Vizuri, ila kusafisha ndiyo kazi yenye uchafu mwingi.

Ukitaka kupanda, usijipandie. Pitia kwanza kwa chifu au wazee wa kijiji, ueleze wewe ni nani na umetoka wapi, maana siku hizi mgeni mwenye mkoba na kamera hudhaniwa ni mpimaji wa madini, na wamewahi kurudishwa wengi. Vaa viatu vya kufunika miguu, chukua maji, na mawe uyaache yalipo. Watoto waonyeshwe Dzombo kwa upande mmoja na nchi inayoteremka kuelekea Vanga kwa upande mwingine. Toka mapema, kwa sababu magari ya kurudi Ukunda hupungua jua likishuka, na bodaboda atakayekubali kukupeleka hadi barabara kuu saa hiyo atataja bei apendayo.