Piastra Mbili kwa Kila Kichwa

Mwaka jana nilivuka tena kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, safari hii nikiwa na wanafunzi wa mwaka wa pili. Tulipokuwa mbele ya kuta za Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18, mmoja wao aliniuliza swali lililonifuata hadi nyumbani: "Mwalimu, yule aliyetia saini, alijua anachokifanya?"

Alimkusudia Sultani Hasan bin Ibrahim. Tarehe 14 Septemba 1776 sultani huyo alifunga mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice, aliyekuwa akinunua watumwa kwa ajili ya mashamba ya Île de France, kisiwa tukiitacho leo Morisi. Morice angepata watu 1,000 kila mwaka kwa piastra 20 kila mmoja, na juu ya bei hiyo sultani angepewa zawadi ya piastra 2 kwa kila kichwa. Mfanyabiashara mwingine asingeruhusiwa kununua mpaka Morice atosheke. Muda wa mkataba ulikuwa miaka 100. Dhamana yake ilikuwa ngome ya mji, ambamo Mfaransa angeweka mizinga na bendera yake.

Tufanye hesabu. Hao ni watu 100,000. Mkataba ungekwisha mwaka 1876, miaka mitatu baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kukubali kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini.

Basi, alijua? Naamini alijua. Hakuwa mjinga. Waomani walikuwa wakiitamani Kilwa, naye alihitaji mizinga ya kuwazuia. Kila kiongozi aliyebanwa huwa na sababu nzuri. Lakini gharama ya usalama wake ilibebwa na watu wasiokuwamo barazani: wale waliotekwa bara na kushushwa pwani wakiwa wamefungwa. Hakuna aliyewauliza.

Jambo hili si la pwani yetu peke yake. Mwaka 1800 mabwana wa ardhi wa Ireland, waliokaa katika bunge la Dublin, walipiga kura ya kulifuta bunge lao wenyewe na kujiunga na Uingereza. Baadhi yao walipewa vyeo vya ukabaila, na wenye majimbo yaliyofutwa wakalipwa fidia ya pauni 15,000 kwa kila jimbo. Wakulima waliopanga mashamba yao hawakuulizwa.

Na mizinga ya Morice? Haikuiokoa Kilwa. Karibu mwaka 1785 Waomani waliuchukua mji, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho akapelekwa uhamishoni Maskati. Mkataba wa miaka 100 haukufikisha hata 10.

Nami sina haki ya kunyoosha kidole bila kujitazama. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kamati iliyojadili ardhi ya wanakijiji. Makabrasha yaliletwa asubuhi ileile, mazito, kwa Kiingereza cha wanasheria. Posho ililetwa mchana. Nilitia saini kurasa ambazo sikuzisoma, kisha nikapanda gari. Sijui nani alilipia saini ile, lakini najua si mimi.

Leo wilaya hiyohiyo ya Kilwa inatoa gesi ya Songo Songo, tangu mwaka 2004, na Lindi inasubiri kiwanda cha kusindika gesi. Mikataba itakuja, na wengi wenu mnaosoma hapa, watumishi wa umma wa leo na wa kesho, ndio mtakaoiandika, kuitafsiri na kuipitisha. Sisemi mikataba ni dhambi. Nasema kabla ya kalamu kugusa karatasi kuna maswali mawili: nani atalipa, na je, yumo humu ndani?

Mwanafunzi wangu nilimjibu siku ile kwamba sultani alijua. Sikumwambia kwamba mwalimu wake naye alijua.