Hakuna Aliyekuwa na Orodha

Wengi waliopoteza macho siku ile waliitwa dirishani na mlipuko wa kwanza. Ulikuwa mdogo, wa guruneti, ukatokea upande wa nyuma wa ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu ya asubuhi imepita kidogo. Makarani wenzangu waliinuka kwenda kuchungulia. Mimi nilikuwa chumba cha ndani cha mafaili, kisicho na dirisha. Mara lori lililojaa vilipuzi likalipuka, na vioo vya majengo yote ya jirani vikageuka visu.

Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba ukisikia mshindo unakimbia kioo. Hatukuwahi kufanya zoezi hata moja la kuondoka jengoni. Ngazi za dharura tulizijua kama stoo: makatoni ya karatasi kuukuu yalipangwa hadi kwenye kona. Gizani, kwenye vumbi, watu waliyaruka au wakayaangukia. Damu ilifanya ngazi ziteleze. Mama mmoja wa uhasibu, uso umechanwa, hakuona kitu. Nilimwambia, "Shika bega langu, mama, tuteremke pamoja." Akawa ananiuliza kila baada ya hatua chache kama tumefika.

Ujasiri haukukosekana. Nimesikia watu wakisema Wakenya walipigwa na bumbuwazi, nami nakataa. Vijana wa mtaani walibeba majeruhi wasiowajua, matatu na pikapu zikageuka ambulensi, na baadaye foleni za kutoa damu zikawa ndefu.

Tulichokosa kilijulikana tulipofika chini. Hapakuwa na mahali tulipoambiana kukutania, kwa hiyo kila mtu alishika njia yake. Kitabu cha mahudhurio kilibaki juu, chini ya vioo. Mtu akauliza, "Tarishi wetu yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Wawili wakarudi ndani kumtafuta, wakapanda ngazi zilezile huku zege likiendelea kudondoka, wakaingia chumba hadi chumba wakiita jina lake. Kumbe alikuwa ametumwa nje asubuhi, na aliyemtuma alikuwa tayari amepelekwa hospitali. Tulimpata Jumapili katika Hospitali ya Kenyatta, macho yamefungwa bandeji, baada ya ndugu zake kupita wodi zote, na mochari pia.

Ufundi House, jengo la jirani, liliporomoka lote. Waokoaji walifukua kifusi kwa siku kadhaa, na jamaa walisimama kandoni wakitaja majina ya watoto wao waliokuwa wanafunzi wa chuo cha uhazili humo. Waliofariki Nairobi walikuwa 213, karibu wote Wakenya. Majeruhi walipita 4,000.

Mwaka 2007 serikali ilitoa kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi, na zoezi la kuondoka jengoni likawa wajibu angalau mara moja kila mwaka. Nilifurahi sana. Lakini nimeona mazoezi mengi ambayo watu huteremka wakipiga soga, wanasimama uani dakika tano, wanarudi kazini. Hawahesabiwi. Zoezi la namna hiyo hunikera, kwa kuwa linafundisha miguu tu.

Nilipopewa jukumu la usalama katika ofisi niliyohamia baadaye, nilibishana na wakubwa juu ya jambo moja: orodha iwe na kila aliyemo, si wafanyakazi wa kudumu peke yao. Mfagiaji aandikwe. Mwanafunzi wa mafunzo aandikwe, na mgeni aliyekuja kunywa chai na mjomba wake pia. Anayetumwa nje aandike anakokwenda na saa aliyotoka. Walisema ni usumbufu, kisha wakakubali. Orodha huteremshwa na dada wa mapokezi, maana yeye ndiye aliye karibu zaidi na mlango, na nakala ya pili hukaa kwa askari wa getini.