Mkuki Mbele ya Upanga na Ngao



Anayeingia katika makanisa ya kale ya Franken, kaskazini mwa Bavaria, ambako natumikia kwa mwaka wa sita sasa, hukutana na silaha kabla hajakutana na paroko. Mtakatifu Paulo ameegemea upanga wake, Mtakatifu Georgi amemkita joka mkuki, naye Malaika Mkuu Mikaeli ameinua mkono tayari kupiga. Tumezizoea sanamu hizo hata hatuoni tena kwamba wameshika silaha. Lakini mwaka uliopita lilipokuja ombi la kikundi cha vijana kutaka kutumia ukumbi wa parokia kila Jumanne jioni kwa mazoezi ya upanga, ngao na mkuki, halmashauri ya parokia ilipasuka vipande viwili.

Vijana hao hufuata kile kinachoitwa sanaa za kale za mapigano za Ulaya. Si maigizo ya jukwaani, wala si mchezo wa vitara tunaouona katika Olimpiki. Wao husoma vitabu vilivyoachwa na walimu wa mapigano wa karne zilizopita, hujaribu kuelewa kila mkao na kila pigo, kisha huyapima waliyoyasoma katika pambano la mazoezi, kwa panga butu na mikuki yenye ncha ya mpira.

Aliyepinga kwa nguvu kuliko wote ni bibi mmoja ambaye hakosi Misa ya asubuhi. Alikuwa na miaka 7 usiku wa tarehe 16 Machi 1945, mji wa Würzburg ulipoteketezwa kwa mabomu na watu wapatao 5,000 wakapoteza maisha kwa muda usiotosha kusali Rozari. Lakini hakuzungumzia mabomu. Alizungumzia kaka yake. “Baba Paroko,” aliniambia, “kaka yangu naye alianza kwa mchezo. Walimpa fimbo, wakampa wimbo, wakampa rafiki wa kushindana naye porini. Alipotimiza miaka 16 wakampa bunduki. Hatujui hata kaburi lake.” Katika kikao kile hakuna aliyepata la kumjibu, nami pia sikulipata.

Kwa kuwa neno la mwisho kuhusu ukumbi lingeniangukia mimi, niliona ni haki kwanza nikijue kitu chenyewe. Nikaomba kura isogezwe mbele kwa majuma sita, na kila Jumanne nikaenda katika banda la mazoezi walilokuwa wamelikodi kijiji cha jirani. Mwalimu wao ni mama mmoja muuguzi, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Alinivika koti zito la kinga, kofia yenye wavu wa chuma usoni, kinga ya koo na glavu nene, akanipa upanga wa mkono mmoja na ngao ndogo ya mviringo, yenye upana wa kama sentimita 30. Yeye akachukua mkuki wa mita 2 na nusu hivi.

Nakiri nilidhani mwenye vitu viwili mkononi amemzidi mwenye kimoja. Ana cha kukinga na cha kupiga. Mwenzake ana mti mmoja tu. Hivyo ndivyo tulivyozoea kuona katika picha na filamu, ambamo shujaa hubeba upanga na ngao, na mkuki hubebwa na askari asiye na jina anayekufa mapema. Ukumbini mambo ni kinyume. Katika mapambano 5 ya jioni ya kwanza sikumgusa hata mara moja.

Sababu yake inaeleweka ukisimama pale. Mwenye mkuki huushika kwa mikono miwili: mkono wa nyuma hukaa karibu na kiuno na kusukuma, mkono wa mbele huwa kama pete tu ambamo mti hupita. Ncha hutangulia mwili wake kwa karibu mita 2, ilhali upanga wangu, pamoja na mkono ulionyooshwa, haukufika mbali hivyo. Tena mkuki hufanya kazi kama wenzo. Mkono wa nyuma ukishuka au kupanda shubiri moja tu, ncha kule mbele huhama kutoka usoni hadi gotini. Yeye hatembezi ila kiganja. Mimi nalazimika kuihamisha ngao yangu mwili mzima. Nikiiinua kukinga uso, inaziba macho yangu mwenyewe, na wakati huohuo ncha imekwisha kufika pajani. Walinipa pia ngao kubwa ya mbao. Hapo mwalimu aliacha kushughulika na kifua changu, akaanza kuiwinda miguu.

Na haya yote hayahitaji misuli. Mama yule ana uzito mdogo kuliko wangu, wala hakutoka jasho. Hata hivyo pigo la mkuki wa mikono miwili, hata wenye ncha ya mpira, ni zito kiasi cha kuumiza, ndiyo maana hakuna anayeruhusiwa kuushika bila kufundishwa kwanza namna ya kuuzuia usipite. Wahenga wetu walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilipoona ncha ile inakuja kuelekea kwenye wavu wa kofia yangu, nilijua walichosema.

Walimu wa kale waliyajua haya. Mwitaliano Fiore dei Liberi, katika kitabu chake cha mwanzoni mwa karne ya 15, anaonyesha mikao 6 ya mkuki, mitatu upande wa kulia na mitatu upande wa kushoto, na somo lake ni fupi: pisha mwili kando ya mstari, sukuma mti wa mwenzako kwa mti wako, choma. Mwingereza George Silver, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1599, alizipanga silaha kama ngazi, akaweka fimbo ndefu na mkuki mfupi juu ya upanga na ngao. Alipendekeza futi 8 au 9, kwa kadiri ya kimo cha mtu. Mwaka 1625 mwananchi mwenzake, Richard Peeke, akiwa mateka wa Wahispania, alisimamishwa kupigana na watu watatu wenye panga na visu huku yeye ana mti wa silaha ndefu iliyoondolewa kichwa. Aliua mmoja, akawanyang’anya wengine silaha, na akaachiwa huru.

Je, upanga na ngao havina tumaini? Hapana. Niccolò Machiavelli, katika maandiko yake juu ya vita, anasimulia jinsi askari wa miguu wa Kihispania, wenye panga na ngao ndogo, walivyopenya chini ya mikuki mirefu ya Wajerumani huko Ravenna tarehe 11 Aprili 1512. Siku hiyo, ni uchungu kuandika, ilikuwa Dominika ya Pasaka. Mikuki ile ilikuwa na urefu wa karibu mita 5, imesongamana safu kwa safu. Askari akishaipita ncha, mwenye mkuki hakuweza kuurudisha nyuma, kwa maana nyuma yake kulikuwa na kifua cha mwenzake. Warumi nao waliishinda mikuki mirefu ya Makedonia kwa njia iyo hiyo, huko Kinoskefale mwaka 197 K.K. na Pidna mwaka 168 K.K.: safu zilipovunjika kwenye ardhi isiyo tambarare, wenye panga wakaingia katika mianya.

Hapo ndipo mwalimu aliponionyesha siri. “Baba,” alisema, “watu hudhani nguvu ya mkuki ni kufika mbali. Nguvu yake ni kurudi.” Akanionyesha polepole. Nilipokuwa nikiusukuma mti pembeni kwa ngao na kukimbilia ndani, yeye alirudi hatua moja, mti ukateleza nyuma katika viganja vyake, na ncha ikawa tena mbele ya kifua changu, kana kwamba sikupiga hatua yoyote. Mwenye upanga hashindi kwa kuupiga mkuki. Hushinda kwa kuugusa na kutouacha. Ngao ikishakutana na mti, ibaki pale, iteleze juu yake hatua kwa hatua kama mtu anayepapasa ukuta gizani, hata ncha isiwe tena na njia ya kurudi. Ukiuachia kitambo kidogo tu, umerudi ulikoanzia.

Jumanne ya tatu niliweza. Ngao yangu ilikaa juu ya mti, nikatembea, upanga ukamgusa begani. Kabla sijajua hakika kwamba nimegusa, yeye alikuwa amekwisha kuinua mkono juu na kusema, “Nimeguswa.”

Ndiyo desturi yao. Anayetangaza pigo si aliyepiga, bali aliyepigwa. Nilizitazama jioni zote zilizobaki nikisubiri mmoja afiche. Pigo jepesi juu ya koti zito mara nyingi halionekani na mtazamaji. Anayelijua ni mwenyewe tu. Kijana mmoja wa miaka 19, mwenye hasira za karibu, alisimama muda mrefu baada ya pigo ambalo sisi wengine hatukuliona, kisha mkono ukapanda. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii nimeihubiri mara nyingi, lakini pale niliiona ikimgharimu mtu.

Wapo mtakaouliza: padre na upanga, wapi na wapi? Swali ni la haki. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikataza makleri kushiriki kazi za kumwaga damu. Lakini kitabu cha kale kuliko vyote vya mapigano ya upanga barani Ulaya ambacho kimetufikia, kilichoandikwa kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 14, mwalimu wake ni padre. Katika kurasa zake 64 za ngozi padre mwenye upara wa kikleri anamfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo, na kurasa za mwisho anayefundishwa ni mwanamke, Walpurgis. Wataalamu husema kimetoka huku huku Franken. Heinrich von Gunterrodt, aliyeandika mwaka 1579, anasimulia kwamba kilichukuliwa katika monasteri moja ya Franken wakati wa vita. Baadaye kilihifadhiwa Gotha, kikatoweka wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1950 kikanunuliwa mnadani kwa ajili ya jumba la silaha za kifalme la Uingereza, ambako kipo hadi leo.

Padre yule hafundishi namna ya kupambana na mkuki. Anafundisha mikao 7, na zaidi ya yote anafundisha kile anachokiita kufunga: panga mbili zikutane na kukaa pamoja, huku ngao ikiulinda mkono. Kwa nini alifundisha, hakutuambia. Sitaki kumtumia kama kibali changu. Namtaja kwa sababu bibi yetu, nilipomwonyesha picha zake, alizitazama muda mrefu, akasema, “Basi hata ninyi mapadre.” Sikujua kama amefarijika au amevunjika moyo zaidi.

Halmashauri ilipokutana, niliwaeleza niliyoyaona bila kuyapamba. Nilisema kwamba hatari ipo, na nikaonyesha alama ya bluu iliyokuwa bado mkononi mwangu. Nilisema vilevile kwamba sijaona mahali pengine kijijini petu ambapo kijana hufundishwa kila juma kusema mbele ya wenzake, bila kulazimishwa na mwamuzi, kwamba mwenzake amemshinda. Kura zilikuwa 7 kwa 5. Ukumbi walipewa kwa mwaka mmoja, kwa masharti: asiyetimiza miaka 16 asishike mkuki, kinga zote zivaliwe, na milango ya ukumbi ibaki wazi muda wote wa mazoezi, ili yeyote aingie na kutazama.

Jumanne ya kwanza bibi alikuja. Aliketi kando ya mlango na koti lake mwilini, mkoba magotini, kama mtu anayengoja basi. Alitazama saa nzima. Nilipomsindikiza nyumbani alisema, “Baba Paroko, hawa huinua mkono. Vitani sikusikia kuna aliyeinua mkono kwa namna hiyo.”

Nikamwuliza, “Sasa, Mama, hiyo ni sababu ya kuwaruhusu au ya kuwazuia?”

“Ni sababu ya kuwatazama,” akajibu. “Kaka yangu hakuna aliyemtazama. Wote tulipiga makofi.”

Tangu siku hiyo amekuja karibu kila Jumanne. Hajabadili msimamo wake, na ameniambia waziwazi kwamba mwezi Novemba, suala litakaporudi mezani, atawaomba wajumbe wapige kura ya hapana. Vijana wanalijua hilo. Hata hivyo wamemwekea kiti chenye mto pale mlangoni, na yule wa miaka 19 ndiye humletea chai. Mimi naye nimebaki na swali moja ambalo bado sijalimaliza: je, yawezekana mazoezi yale yanabaki kuwa mema kwa sababu hasa yupo mlangoni mtu anayeyatilia shaka?

Wenye mawazo, niandikieni.