Huyo anayependa nyumba ya nyasi alale yeye!

Hivi wenzangu mmewahi kujiuliza kwa nini kwenye picha za kijijini mvua hainyeshi? Jua linazama taratibu, ng'ombe wanakunywa maji, mama na mtungi wake kichwani, kibanda cha nyasi pembeni. Hakuna tope, hakuna inzi, wala mtu anayekohoa moshi wa kuni. Bomba kweli!

Kaka yangu mkubwa anazo mbili sebuleni. Moja kanunua Mwenge, ya pili ni ya Kizungu, nakala ya karatasi kwenye fremu ya dhahabu ya uongo. Hii ya Kizungu ndiyo inayompa kiburi. Anakuonyesha farasi na gari lao katikati ya mto, nyumba ile ya kushoto, halafu anashusha pumzi: "Haya ndiyo maisha, mdogo wangu. Mjini tunajidanganya tu."

Basi nikaifuatilia. Kumbe ni kazi ya John Constable, Mwingereza aliyezaliwa Suffolk mwaka 1776. Inaitwa The Hay Wain, ya mwaka 1821, na yenyewe halisi iko National Gallery, London. Jamaa aliichora akiwa London, akitumia michoro aliyoifanya kule kwao. Na huko kwao mshua wake hakuwa kibarua, alikuwa mwenye vinu vya kusagia nafaka. Yaani ule mto mnaousifia ulikuwa mto wa biashara ya mzee!

Sasa itazame vizuri. Wakata nyasi wenyewe wako kule mbali kulia, vidoa vyeupe tu. Jasho utaliona wapi? Na miaka hiyo vibarua wa upande ule walikuwa hoi. Vita vya Napoleon vilikwisha 1815, bei ya nafaka ikaporomoka, ujira nao ukashuka, matajiri wakaleta mashine za kupura. Mwaka 1822, mwaka mmoja tu baada ya picha, vibarua wakavunja mashine na kuchoma moto mali za wakubwa. Constable habari alizipata, maana ndugu yake alikuwa huko huko. Kwenye picha lakini, shwari!

Sisemi hakujua kuchora. Mawingu yale, we acha tu. Wafaransa walimpa medali ya dhahabu Paris mwaka 1824 na hawakukosea. Ugomvi wangu si na marehemu, ni na kaka.

Maana masika iliyopita bibi yetu alituma ujumbe kwamba paa linavuja mpaka kitandani. Ni nyumba ile ile ya nyasi ambayo kaka kila Krismasi anaipiga picha. Tukaitisha kikao cha ukoo: mabati 30, mbao, misumari, fundi. Kila mtu akataja chake. Kaka akagoma! Si kwamba hana, anazo. Eti bati litaharibu mandhari, eti nyasi ndiyo asili yetu na wajukuu waikute. Ebo! Kwani analala mle yeye? Akienda anafikia gesti ya pale stendi, yenye feni.

Ni kweli nyasi ina ubaridi kuliko bati, hilo nampa. Lakini nyasi inataka mtu wa kuikata, kuibeba na kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Bibi ana miaka 80 na ushei. Vijana waliokuwa wakimwezekea ndio hawa wako Kariakoo wanauza soksi.

Shangazi akaona isiwe taabu, akampigia bibi simu pale pale kikaoni, sauti ya juu wote tusikie. Bibi akasikiliza habari ya mandhari mpaka mwisho, akaguna.

"Huyo mjukuu wangu anayependa nyasi, anakuja lini kuezeka, nimwandalie kamba?"

Kaka kimya. Mabati yalipanda lori Ijumaa. Yeye kachangia misumari.